Kiwanja cha Kunguni

*Gunia limeshonwa. Libebwe kesho saa nne.*

Maneno sita tu kwenye simu, kutoka kwa wenzake. Thobias aliyasoma akiwa amelala chali chini ya ndege, drili mkononi, vumbi la mbao machoni.

Akayafuta.

Jiwe lilikuwa limefika. Kesho saa nne asubuhi Raphael atalipakia kwenye ndege hii na kwenda kumkabidhi mnunuzi kutoka ng'ambo. Wapi? Hakuna aliyejua ila Raphael mwenyewe.

Viatu vikasimama karibu na kichwa chake. Vyeusi, ncha kali, vimepigwa kiwi mpaka mtu angeweza kunyolea ndevu humo.

"Fundi umeme. Umelala au unafanya kazi?"

"Nafunga waya, bosi."

"Waya gani huko tumboni?"

"Wa taa ya chini. Mzee anataka ionekane akitua."

"Anatua mchana, taa ya nini? Kesho ataomba na choo." Raphael akacheka peke yake. "Maliza. Mimi naenda kula."

Viatu vikaondoka.

Thobias akaachia pumzi. Ndani ya ovaroli lake, ubavuni, kulikuwa na bastola aina ya Beretta. Ndani ya boksi la spana kulikuwa na kidude cheusi, ukubwa wa kipande cha sabuni ya kufulia, ambacho wenzake walikiita Kunguni. Ukikipandikiza kwenye chombo, kinatuma kwa satelaiti mahali kilipo, kila sekunde thelathini.

Hapa ni Kibaigwa, ghala la nyuma ya soko la mahindi. Nje makuli walikuwa wanapakia malori na kutukanana. Raphael alikuwa dalali wa mahindi, kila mtu anamjua, kila mtu anamsalimia. Chini ya magunia yake, kwa miaka mitatu, yalikuwa yanapita mawe. Mawe yaliyokatwa kwa msumeno kwenye vilima vya mbele ya Kolo, Kondoa, yenye picha nyekundu za watu wembamba na wanyama, picha zilizochorwa kabla hatujawa na wakubwa wa kutuharibia nchi.

Wakubwa waliletewa taarifa mwaka wa kwanza. Wakaunda kamati.

Mwaka wa pili wakaunda kamati ya kuichunguza kamati.

Mwaka wa tatu dereva aliyebeba jiwe moja akaopolewa kisimani na risasi mgongoni, ndipo Kitengo Tisa, kile cha kwenye nyumba ya uzio mrefu pale Ipagala, kikaamka na kumtuma Thobias.

Sasa vizuizi vya barabarani vilikuwa vimekaza, na Raphael akahitaji ndege. Ndege ilikuwa hapahapa. Mzee Eliakimu, fundi mstaafu wa magari, alikuwa ameijenga kwa mikono yake kwa miaka kumi na moja. Viti viwili, mbao za msonobari, kitambaa kilichopakwa dawa, injini ya Rotax aliyoitafuta miaka minne. Watu wa sokoni walimcheka hadi wakachoka. Ilikuwa imeruka mara mbili tu, alfajiri, juu ya mashamba.

Raphael alipomwomba aendeshe, mzee alikataa.

Aliyembadilisha ni Thobias. Na aliyemtuma Thobias ni Stanley, mkuu wa operesheni, akiwa amekaa kwenye kiti kinachozunguka.

"Mwambie akubali," Stanley alisema. "Tunamtaka mnunuzi, siyo dalali. Mzee tutamlinda."

Thobias akaenda akasema hivyo. Mzee Eliakimu akamwangalia sana.

"Yule dereva mlimkuta wapi, mwanangu?"

"Kisimani, mzee."

"Na mimi?"

"Wewe utarudi nyumbani kwa mkeo, mama Hilda. Tutajua ulipo kila nusu dakika. Tutafika kabla hujazima injini."

"Unaniahidi wewe au wananiahidi wao?"

"Mimi."

"Haya," mzee akasema. "Wao nisingekubali."

Sasa mzee huyo alikuwa amechuchumaa kando ya gurudumu, ameshika karatasi iliyotoka Ipagala. Mchoro wa mahali pa kufunga antena ya Kunguni. Una muhuri. Una sahihi tatu. Mshale mwekundu unaelekeza tumboni mwa ndege, katikati ya miguu ya magurudumu. Chini wameandika: *mahali pasipoonekana*.

"Aliyechora hii amewahi kuona ndege?"

"Anapanda kila wiki kwenda Dar."

"Kupanda hata mbuzi anapanda." Mzee akaichomoa chaki sikioni. "Njoo nikuoneshe."

Akachora ndege sakafuni, kwa mistari michache, kama mtu anayechora shamba la baba yake.

"Antena hazifungwi unapopata nafasi. Unazipangia kwanza, kabla hujabandika kitambaa. Mimi nilikaa na kalamu miezi miwili. Hapa mgongoni, nyuma ya vichwa vyetu, ni redio. Inasimama wima. Chini yake nimelaza bati la alumini, maana ndege yangu ni mbao, na antena ya redio isiyo na bati chini yake ni kama mtu anayesukuma gari akiwa amesimama kwenye utelezi. Hana pa kukanyagia. Umenielewa?"

"Nimekuelewa."

"Huku karibu na mkia ni ya dharura. Waya wake mfupi, sanduku lake liko palepale, ili ndege ikivunjika visiachane. Kati yake na redio nimeacha mita na robo. Ukizibananisha zinagombana, kama watu wawili waliopimiwa kiwanja kimoja."

"Dodoma hiyo."

"Dodoma hiyohiyo." Mzee hakucheka. "Sasa huyu mdudu wako anaongea na nani?"

"Na satelaiti."

"Ziko wapi?"

Thobias akaangalia juu.

"Basi. Wewe unataka kumlaza kifudifudi. Miguu ya chuma kushoto na kulia. Moshi wa ekzosi unampita. Tairi zinamtupia mawe. Juu yake sakafu, watu wawili, jiwe. Ataona nini huyo? Ataona mahindi."

Thobias akatoka nje ya mlango wa nyuma, akapiga simu Ipagala.

"Mkuu. Mahali pa antena pabadilishwe."

"Kwa nini?" Sauti ya Stanley ilikuwa inatafuna kitu.

"Tumboni haitaona anga."

"Umesomea wapi hayo?"

"Mwenye ndege amesema."

"Mwenye ndege ni fundi wa magari, Thobias. Mchoro umepitishwa. Ukitaka mabadiliko andika dokezo."

"Ndege inaruka kesho."

"Ndiyo nasema uandike leo. Litapita kwa mwanasheria, litapita masijala, litanifikia wiki ijayo."

"Kesho, mkuu."

"Basi fuata mchoro. Nipigie picha antena ikiwa mahali pake. Iwe kwenye faili kabla ya saa kumi."

Ikakatwa.

Thobias akabaki ameishika simu. Miaka miwili nyuma mkewe Edina alilala kwenye benchi siku mbili, karatasi yake ya rufaa iko mezani, inasubiri sahihi. Mwenye sahihi alikuwa amesafiri. Karatasi ilikuja kusainiwa Jumatano. Edina walimzika Jumanne.

Akarudi ndani. Akaifunga antena tumboni kwa skrubu mbili, palepale penye mshale. Akapiga picha. Akaituma.

Jibu likaja papo hapo. *Safi sana.*

Akazifungua zile skrubu.

"Tuonyeshe kiwanja chake, mzee."

Eliakimu akagonga kwa kidole mbele ya kioo cha rubani, pale juu ya miguu, nyuma ya injini. "Hapa. Anaona anga lote. Na redio iko mbali naye, mita moja na nusu. Kitambaa hakimzuii, mawimbi yanapita kwenye nguo na mbao kama maji kwenye chujio. Bati ndilo linalozuia. Kwa hiyo atakaa ndani, chini ya kitambaa, na Raphael ataweka mkono juu yake asijue."

Walifanya kazi haraka. Mzee alichana kitambaa kwa wembe. Akagundisha kipande cha plaiwudi chini ya ubao, maana ubao peke yake ungepasuka kwa mtetemo wa injini, skrubu zikalegea, mdudu akaangukia miguuni. Waya wakaupitisha upande wa kushoto, mbali na nyaya za plagi. Hawakuukunja kwa nguvu. Waya wa antena ukiuvunja shingo, mzee alisema, unakufa na kelele huisikii.

Kidude kikawashwa. Taa ikawa nyekundu.

"Haoni," Thobias akasema.

"Ataonaje? Angalia juu."

Juu kulikuwa na paa la ghala. Bati tupu, kutoka ukuta hadi ukuta.

Hapo ndipo palikuwa na mtihani. Hakuna kujaribu. Mpaka ndege itoke nje kesho, mbele ya macho ya Raphael, hakuna wa kujua kama taa itageuka kijani. Mkono mmoja karatasi yenye muhuri na sahihi tatu. Mkono mwingine chaki ya mzee.

"Shona," Thobias akasema.

Mzee alikuwa kwenye mshono wa mwisho mlango ulipofunguliwa.

"Unashona nini?" Raphael, kijiti mdomoni.

"Kiraka."

"Ndege mpya ina kiraka?"

"Panya, bosi. Ghala la mahindi hili. Panya wamejaa kuliko madalali."

Raphael akaja mpaka pale. Akaweka kiganja juu ya kitambaa, mbichi kwa gundi. Akakibonyeza.

Kidole cha Thobias kikafika kwenye zipu ya ovaroli.

"Madalali," Raphael akarudia, akitikisa kichwa. "Mzee una mdomo wewe. Kesho nitaumiss huo mdomo."

Akaondoka akicheka. Mzee Eliakimu akakata uzi kwa meno.

*

Saa nne na dakika tatu, asubuhi.

Thobias alikuwa Dodoma mjini, juu ya pikipiki yake, Honda XL, injini inanguruma. Ni hapo barabara zinapogawanyika. Kondoa kaskazini. Iringa kusini. Singida magharibi. Ndege ingeweza kushika njia yoyote, naye angeifuata. Mpango ulisema timu ya Kitengo, watu wanane, Land Cruiser mbili, ingekuwa nyuma yake.

Redio ya Motorola ikakwaruza ndani ya koti.

"Tisa Moja, hapa Ipagala." Ilikuwa sauti ya Ruthu, mtu wa zamu kwenye chumba cha skrini.

"Sema."

"Kunguni ameamka. Kijani."

Thobias akafumba macho sekunde moja.

"Unamwona vipi?"

"Namwona vizuri kaka, sijawahi kuona hivi. Kila nusu dakika, hajaruka hata moja. Spidi mia na arobaini. Anakuja upande wako."

Dakika zikaenda. Saa nne na thelathini na nane.

"Amepita kusini ya mji. Anashika magharibi."

"Singida?"

"Au Bahi. Ameanza kushuka kidogo."

Thobias akakanyaga gia. "Timu itoke."

Redio ikakwaruza tu.

"Ruthu. Timu itoke."

"Mkuu yuko kikaoni."

"Mtoe."

"Simu zao zote ziko kwenye kapu mlangoni. Katibu muhtasi anasema kikao hakikatizwi mpaka wafike ajenda ya sita."

"Ajenda ya sita ni nini?"

"Taarifa ya maendeleo ya operesheni hii."

Upepo ulimpiga Thobias usoni. Kilomita mia na kumi kwa saa. Mashamba ya zabibu yakakimbia pembeni, yakaisha, ikabaki miiba na udongo mwekundu.

"Magari yapo?"

"Yapo hapa nje. Madereva wamekaa ndani. Kibali cha kutoka kina sahihi moja, ya mkuu. Mlinzi wa geti hafungui bila kibali, wiki iliyopita mwenzake alifukuzwa kwa hilo."

"Kuna mzee kwenye ndege hiyo, Ruthu."

"Najua kaka. Nimesimama mlangoni kwao sasa hivi. Nimegonga mara mbili."

"Gonga ya tatu."

"Katibu amenishika mkono."

Nchi hii mtu anaweza kufa huku anaonekana. Kwenye skrini ya Ipagala, nukta ya kijani ilikuwa inatembea, haikosei, haisiti, kazi ya mtu aliyekaa na kalamu miezi miwili. Na chumba cha pili wakubwa walikuwa wanakunywa maji ya chupa.

"Ametua," Ruthu akasema. "Mbuga ya Bahi, ile iliyokauka. Kilomita sita kusini ya barabara. Saa tano kasoro dakika tatu."

"Nipe njia."

"Ukipita reli, kushoto. Kaka, uko peke yako."

"Nimeona."

*

Mbuga ilikuwa nyeupe, imepasukapasuka kama kisigino. Maji yalikuwa yameondoka tangu Julai.

Aliiona kwa mbali. Cessna Caravan kubwa, propela inazunguka taratibu. Kando yake ndege ya mzee, ndogo, ya rangi ya maziwa. Watu watatu. Wawili walikuwa wanasukuma sanduku kwenye mlango wa Caravan. Wa tatu alikuwa ameinama, anakagua gurudumu la ndege yake, kama fundi yeyote.

Mita mia nne.

Mmoja wa wale wawili akaliacha sanduku. Akamfuata yule aliyeinama. Viatu vyeusi.

Mita mia tatu.

Thobias akabonyeza honi. Akaibonyeza asiiachie.

Raphael akageuka. Akaona vumbi. Akageuka tena, akanyoosha mkono.

Mlio mmoja, mkavu.

Mzee Eliakimu akakaa chini, taratibu, mgongo kwenye gurudumu.

Thobias hakusimama. Hakupunguza. Beretta mkono wa kushoto, usukani mkono wa kulia. Risasi ya kwanza akaipeleka kwenye gurudumu la mbele la Caravan. Likapasuka, pua ya ndege ikaanguka chini, propela ikachimba udongo na kufa.

Risasi ya Raphael ikang'oa kioo cha pikipiki.

Thobias akailaza Honda ubavu, akateleza nayo, akainuka kwenye goti.

Mbili. Moja bega, moja paja.

Raphael akaanguka. Bastola yake ikaruka.

Mnunuzi, aliyekuja akiirusha Caravan mwenyewe, mtu mzima mwenye kofia ya kitambaa na kamera shingoni, alikuwa ameshanyoosha mikono juu. Alisema kwa Kiingereza kwamba yeye ni mtalii.

Thobias akawafunga wote wawili kwa kamba za plastiki. Sanduku akalifungua kwa teke. Jiwe lilikuwa humo, juu ya pamba. Watu wembamba wekundu walikuwa wanatembea kwenye mstari. Lilikuwa limepasuka katikati, na ufa ulikuwa umepita kwenye shingo zao.

Ilikuwa imechukua dakika nne.

Akapiga magoti kwa mzee.

Risasi ilikuwa tumboni. Thobias akavua koti, akalikunja, akalikandamiza hapo.

"Ipagala. Nina majeruhi. Nataka gari, nataka daktari."

"Gari la wagonjwa nimeshapiga," Ruthu alisema. Alikuwa analia. "Liko gereji. Kikao kiko ajenda ya nne."

Thobias akaangalia ile ndege ndogo. Akamburuta mnunuzi kwa kola.

"Unaweza kurusha hii? Mpeleke mjini. Dakika ishirini."

Mnunuzi akachungulia ndani, akaonyesha kwa kidole. Mshale wa mafuta ulikuwa umelala chini kabisa. Raphael alikuwa ameweka mafuta ya kuja tu.

Na ile kubwa, gurudumu lake alilipasua mwenyewe.

"Mwanangu," mzee akaita.

"Niko hapa."

"Ilionekana?"

"Njia nzima, mzee. Haikukatika hata mara moja."

"Hata tulipopita nyuma ya vilima?"

"Hata hapo."

Uso wa mzee ukatulia. Alikuwa na furaha, ile ya fundi anayeambiwa injini imewaka. Ikakaa kidogo. Halafu akafikiri, na ikaondoka.

"Basi mbona mmechelewa?"

Thobias akalikandamiza koti zaidi.



Mzee alimsubiri ajibu. Alisubiri kwa adabu, macho yake yako palepale usoni kwa Thobias, mpaka saa sita kasoro dakika kumi, ambapo hakuwa anasubiri tena.

*

Land Cruiser zilifika saa saba na robo.

Stanley alishuka wa kwanza, suti ya kijivu, viatu vinaogopa vumbi. Nyuma yake mpiga picha. Akamtazama Raphael, akamtazama mnunuzi, akalitazama jiwe. Akampa Thobias mkono. Thobias hakuuona.

"Kazi nzuri sana," Stanley akasema. "Mkurugenzi amefurahi. Mnunuzi tumempata mkononi. Na mchoro wetu umefanya kazi, tutauweka kwenye mafunzo." Akamgeukia mpiga picha. "Ingia chini ya ndege, upate antena vizuri."

Mpiga picha akatambaa tumboni mwa ndege. Akakaa huko muda.

"Mkuu, mbona huku hamna kitu?"

Stanley akafunga kifungo cha suti.

"Huyu mzee," Stanley akashusha sauti, kwa heshima, jinsi walivyofundishwa. "Pole. Tutaandika barua ya rambirambi. Nitaipitisha mwenyewe."

Walimpakia Eliakimu gari la pili. La kwanza lilibeba jiwe.

Thobias akainua pikipiki. Akanyoosha usukani uliopinda, akiukanyaga kwa mguu. Damu ilikuwa imekauka hadi kwenye viwiko. Akajifuta kwa mchanga.

"Usichelewe," Stanley akaita. "Saa kumi tuna kikao cha tathmini. Wewe ndiye mtoa mada."

Thobias akaitoa Motorola, akaizima, akaiweka juu ya boneti ya Land Cruiser, mbele ya mkuu wake, polepole, kama mtu anayerudisha kikombe.

"Mwambie katibu niko msibani."

Akawasha. Hakugeuka nyuma.

Kutoka hapo hadi Kibaigwa ni karibu kilomita mia na hamsini. Alikuwa na njia yote hiyo ya kutafuta neno la kumwambia mama Hilda. Alipita reli, akapita Nala, akaupita mji na majengo yake marefu ya vioo, akashika barabara ya Dar. Malori ya mahindi yalikuwa yanampigia honi.

Alipofika mlangoni, mama Hilda alikuwa anapepeta ulezi. Akaacha ungo, akamtazama mikono, kisha akasogeza kigoda ili mgeni akae.

Thobias akakaa. Neno lilikuwa halijapatikana.